Kadi namba 128: kuishika, kuikagua na kuisoma kadi ya kwanza ya Hank Aaron

Mgeni wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, huanza kwa kudhani kwamba kadi ya mwaka 1954 ya Hank Aaron, mmoja wa wapigaji wakubwa wa besiboli ya Marekani, ni adimu. Si adimu hata kidogo. Topps, kampuni ya ubani wa kutafuna ya Brooklyn, New York, iliichapa pamoja na kadi nyingine 249 za seti ya mwaka ule, ikazitia kwenye pakiti za senti moja na za senti tano, na watoto wa Marekani wakazinunua kwa fujo. Ukiingia leo kwenye minada ya mtandaoni utaikuta, tena si moja. Kilicho adimu ni ile iliyopita mikononi mwa watoto hao bila kukunjwa, bila kubandikwa kwa gundi kwenye albamu, bila kufungwa rababendi pamoja na wenzake, bila kubanwa kwenye spoksi za baiskeli ili ipige kelele. Anayeinunua hanunui uhaba, ananunua hali ya karatasi. Na hali hukaguliwa kwa lenzi, rula na taa. Maneno ya muuzaji, eti ilikuwa ya babu, eti ilikaa sandukuni miaka yote, yasikilize kwa adabu kisha uyaweke kando.

Ijue kwanza sura yake. Upana ni inchi 2⅝ na urefu inchi 3¾, yaani kama milimita 66.7 kwa 95.3. Usuli ni rangi ya chungwa iliyokolea. Uso wa Aaron umechukua sehemu kubwa, na pembeni yake kuna picha ndogo ya nyeusi na nyeupe inayomwonyesha mwili mzima. Kuna jina, nafasi anayocheza, nembo ya timu yake ya Milwaukee Braves, na sahihi. Ukingo mweupe uko pande tatu tu: kushoto, kulia na chini. Upande wa juu rangi inakwenda mpaka mwisho wa karatasi. Ulikumbuke hilo la upande wa juu, tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo mafundi wa kughushi wanapofanyia kazi zao.

Hiyo sahihi imewatia watu hasara ya bure. Ni sahihi iliyochapwa kiwandani, iko kwenye kila nakala, na Aaron hakuigusa kwa kalamu. Muuzaji asiye mwaminifu anaandika "ina sahihi" na hasemi uongo wowote. Ukiiweka chini ya lenzi utaona wino wake ni ule ule mweusi wa maandishi mengine ya kadi, umelala bapa ndani ya karatasi, hauna pahali ulipopishana juu ya mstari mwingine wala pahali kalamu ilipokandamiza. Sahihi ya mkono hukaa juu ya wino wa kiwanda, humeta tofauti ukiinamisha kadi, na mistari yake inapopishana unaona upi ulitangulia. Kwa sahihi ya kweli zipo huduma za uthibitisho, na bila hati ya mojawapo usilipe hata senti ya ziada.

Geuza nyuma. Upande huu umechapwa kwa mlalo, una namba 128, katuni, maelezo mafupi na takwimu. Takwimu hizo ni za ligi ndogo, maana hadi msimu wa 1953 unamalizika Aaron alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Wakusanyaji wengi hawasomi nyuma, na kwa maoni yangu wanakosa nusu ya kadi. Nyuma ndiko unakomkuta kijana wa miaka 20 ambaye hakuna aliyejua atakuwa nani.

Alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 5 Februari 1934. Alijifunza kupiga akishika gongo kinyume: mpigaji wa mkono wa kulia huweka mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, yeye alifanya kinyume chake, na bado mpira ulikwenda. Mwaka 1952 alichezea Indianapolis Clowns, timu ya ligi ya Weusi, wakati ligi hizo zilikuwa zinafifia kwa kuwa wachezaji wao bora walishaanza kuchukuliwa na ligi kuu tangu Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza wa zama hizo kwenye ligi kuu, alipoingia mwaka 1947. Aaron mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyokula kwenye mgahawa mmoja jijini Washington, kisha wakasikia jikoni sahani walizolia zikivunjwa. Braves, wakati huo wakiwa bado Boston, wakamnunua kwa dola 10,000. Wakampeleka Eau Claire, Wisconsin, na mwaka uliofuata Jacksonville, Florida, kwenye ligi ya kusini ambako alikuwa miongoni mwa wachezaji Weusi wa kwanza kukanyaga. Huko alipiga kwa wastani wa .362, yaani mapigo salama 362 kwa kila zamu 1,000, akaongeza homurani 22, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hoteli walizolala wenzake weupe yeye hakuruhusiwa kulala.

Kwa asiyeujua mchezo: homurani ni pigo ambalo kwa kawaida linauvusha mpira nje ya uzio wa uwanja, mpigaji akazunguka vituo vyote vinne kwa raha zake na kurudi nyumbani. Kutoka kituo hadi kituo ni futi 90, kama mita 27.4.

Nafasi ya ligi kuu ilipatikana kwa mguu wa mtu mwingine. Tarehe 13 Machi 1954, katika mechi ya maandalizi huko St. Petersburg, Florida, Bobby Thomson wa Braves aliteleza kuingia kituoni akavunjika kifundo cha mguu. Aaron akapewa nafasi hiyo. Mchezo wake wa kwanza, tarehe 13 Aprili huko Cincinnati, alipewa zamu tano na hakupata kitu. Homurani ya kwanza ilikuja tarehe 23 Aprili dhidi ya St. Louis, kwa mpira uliorushwa na Vic Raschi. Septemba naye akavunjika kifundo cha mguu, msimu ukaishia hapo: michezo 122, wastani wa .280, homurani 13. Kura za mchezaji mpya bora wa ligi yake zilimweka wa nne. Jezi aliyovaa mwaka ule ilikuwa namba 5; ile 44 inayojulikana dunia nzima alianza kuivaa 1955.

Kwa takwimu hizo peke yake kadi hii ingekuwa ya bei ya kawaida tu. Thamani yake imejengwa na misimu 22 iliyofuata, polepole, kama mtu anayeweka akiba kwenye kibubu. Tutafika huko. Sasa tuishike.

Ushauri ambao ningempa yeyote kabla hajatoa pesa: nunua kwanza kadi mbili tatu za bei ya chini kutoka seti hiyo hiyo ya 1954, za wachezaji ambao hakuna anayewakimbilia. Hali mbovu haidhuru, mradi ni halisi. Hizo ndizo mizani yako. Kila kipimo nitakachokitaja hapa kina maana ukilinganisha na karatasi ile ile, iliyochapwa na kukatwa mwaka ule ule. Ukikifanya kwa kubahatisha kitakudanganya. Unene, rangi ya karatasi, mng'ao wa uso, hata sauti ya kadi inapogonga meza, vyote vinajulikana kwa kulinganisha. Usiikunje kadi kupima ugumu wake, kama baadhi ya watu wanavyofundisha. Ukifanya hivyo kwenye kadi halisi umeiharibu, na kwenye ya bandia hujajua lolote ambalo lenzi isingekuambia.

Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 inatosha. Angalia herufi za jina. Kwenye kadi halisi herufi nyeusi zilichapwa kwa bamba lake lenyewe la wino mweusi, kwa hiyo kila herufi ni nyeusi tupu, yenye kingo safi au zilizovuja kidogo. Nakala iliyotengenezwa kwa kuipiga picha au kuiskani kadi na kuichapa upya huwa imevunja kila kitu kuwa vidoa vya rangi nne, na ndani ya herufi unaona vidoa vya buluu, vyekundu na vya njano vikichungulia. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, maana mughushi wa kawaida hana uwezo wa kuyatengeneza upya mabamba ya 1954.

Mwaka 1994 seti hii ilichapwa upya kihalali kwa ajili ya wapenzi wa kumbukumbu. Kadi hizo ni za ukubwa wa kisasa, inchi 2½ kwa 3½, na uso wake unateleza na kumeta. Ukiwa na rula tu huwezi kuchanganya. Shida ni picha za mtandaoni, ambazo hazionyeshi ukubwa. Mwombe muuzaji aipige picha kadi ikiwa imelazwa juu ya rula. Akisita, umeshapata jibu.

Kuna wanaochukua nakala mpya wakaizeesha kwa chai ya rangi. Rangi ya chai huenea sawasawa kila mahali na huingia hadi ndani ya kingo, ilhali uzee wa kweli huanzia kingoni na konani, ulikogusa hewa na vidole, na katikati hubaki kweupe zaidi. Kona zilizosuguliwa kwa msasa nazo zina alama yake: nyuzi za karatasi zimeelekea upande mmoja, na kona zote nne zimechakaa kiasi kile kile. Mfuko wa suruali ya mtoto hauna usawa huo.

Kipimo kingine ni taa ya urujuanimno, ile ile wanayotumia kwenye madirisha ya benki kukagua noti. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali za kung'arisha weupe, ndugu na zile zilizomo kwenye sabuni za kufulia, ambazo huwaka buluu-nyeupe chini ya taa hiyo. Kadi ya 1954 kwa kawaida hubaki imefifia. Zima taa za chumba, itoe kadi kwenye mfuko wake wa plastiki, iweke kando ya zile kadi zako za mizani, kisha uwashe. Ikiwaka kama shati jeupe dansini, iache. Isipowaka bado hujamaliza kazi, kwa sababu mtu anaweza kuchapa juu ya karatasi ya zamani. Taa hii ina faida nyingine: hufichua kona iliyopakwa rangi, sehemu iliyofutwa na raba, na gundi iliyotumika kuunganisha kona iliyopasuka, kwa kuwa kila kimoja huwaka tofauti na karatasi inayokizunguka.

Hapo tunarudi kwenye ule upande wa juu. Kwa sababu rangi ya chungwa inafika mpaka mwisho, kona mbili za juu zikichunika kidogo tu weupe unaonekana kutoka mbali. Kwenye kona za chini, zenye ukingo mweupe, mchubuko huo huo ungejificha. Basi kuna anayechukua kalamu ya rangi ya chungwa na kuziba weupe. Kwa macho matupu utashangaa jinsi inavyofanana. Chini ya lenzi, wino wa kiwanda una mpangilio wa vidoa, wino wa kalamu umejaa na kunywewa na nyuzi. Itazame pia kadi kwa ubavuni: wino wa kalamu huwa umeshuka kwenye unene wa karatasi, mahali ambapo mashine ya kuchapa haifiki. Kadi iliyopakwa rangi, hata kidogo namna gani, kampuni zinazokagua kadi na kuzipa namba ya daraja huikatalia namba hiyo, nayo hupoteza sehemu kubwa ya bei.

Kunyoa kingo ni ujanja wa kale zaidi. Kadi yenye kona butu ikipunguzwa nusu milimita kila upande hupata kona kali kama mpya. Pima upana juu, katikati na chini, kisha urefu mahali patatu, kwa kipimo cha venia, bila kuibana. Kiwanda nacho hakikukata sawasawa, kwa hiyo pungufu ya sehemu ndogo ya milimita si ushahidi wa kutosha. Ushahidi uko kwenye ubavu. Iweke kadi katikati ya kadi zako za mizani, zisimamishe kwa upande mrefu na uangalie kingo zote pamoja. Ukingo uliokaa miaka 70 una nyuzi zilizolegea na rangi ya vumbi. Ukingo mpya ni mweupe, laini, na wakati mwingine umepinda kidogo kama ndoana kwa sababu wembe ulivutwa kwa mkono. Kona kali juu ya uso uliochakaa ni mambo mawili yasiyokaa pamoja: uso na kona huzeeka kwa mikono ile ile.

Mikunjo itafute kwa tochi iliyolazwa karibu na meza, mwanga upite juu ya uso wa kadi kama jua la magharibi juu ya mchanga. Mkunjo uliokandamizwa kwa joto na uzito hauonekani kwa mwanga wa juu, lakini kwa mwanga wa ubavu kivuli chake kinasimama. Nyuma tafuta mahali karatasi ilipong'oka: kadi zilizobandikwa albamu zikabanduliwa huacha shimo jepesi, mara nyingi katikati au kwenye kona nne. Usitumie raba kufuta maandishi ya penseli ukidhani unaisafisha. Raba huondoa mng'ao wa karatasi na kuacha doa butu ambalo halirudi, na penseli ya mtoto wa 1954 ingekushushia daraja kidogo kuliko doa hilo.

Madaraja yenyewe. PSA, iliyoanza mwaka 1991, na SGC, ndizo kampuni ambazo wanunuzi wa kadi za zamani huzitazama zaidi. Hukagua kadi, huipa namba kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Katika madaraja ya juu, hatua moja tu inaweza kuwa tofauti ya maelfu mengi ya dola, na mara nyingi kinachoamua si kona bali mkao wa picha katikati ya karatasi. Upime hivi: pima ukingo mweupe wa kushoto na wa kulia, jumlisha, kisha tafuta asilimia ya kila mmoja. Kushoto milimita 2, kulia 3, jumla 5: hiyo ni 60 kwa 40. Kwa PSA, daraja la 8 huvumilia mpaka 65 kwa 35, na la 7 mpaka 70 kwa 30. Kushoto kukiwa milimita 1.5 na kulia 3.5, yaani 70 kwa 30, hata kona ziwe kali kiasi gani, 8 safi usiitarajie. Juu na chini kwenye kadi hii kunasumbua, kwa kuwa ukingo wa juu haupo. Linganisha ukingo wa chini na wa kadi zako nyingine, kisha uangalie nyuma. Pima pia ukingo wa kushoto karibu na juu na karibu na chini. Vipimo vikitofautiana, kadi ilikatwa mshazari.

Kughushi kumefika hadi kwenye makasha. Namba ya lebo iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitoa, na pale ambapo picha ya kadi ipo, linganisha kitu kisichoweza kurudiwa: doa la wino, mkao wa ukingo, mchubuko fulani. Usuli wa chungwa mara nyingi una vidoa vidogo vya uchapaji, na mpangilio wa vidoa hivyo ni kama alama ya kidole ya nakala hiyo.

Topps ndiyo kampuni kubwa pekee iliyomchapa Aaron mwaka 1954. Mshindani wake Bowman, ambaye Topps ilikuja kumnunua mwaka 1956, hakuwa naye mpaka 1955. Kuna kadi nyingine ya 1954 iliyotolewa na Johnston, watengenezaji wa biskuti wa Milwaukee, ambao walizipa kadi zao namba za jezi. Ndiyo maana Aaron kwao ni namba 5. Mwenye pesa kidogo na macho makali aitafute hiyo, haina kelele nyingi.

Na kabla ya kwenda mbele, kicheko kidogo. Kwenye kadi ya Topps ya 1956 ile picha ya mchezaji anayeteleza kuingia kituoni si Aaron, ni Willie Mays aliyevishwa jezi ya Braves kwa brashi. Ile ya 1957 picha iligeuzwa wakati wa kuchapa, hivyo Aaron anaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto na namba 44 ya jezi imesomeka kinyumenyume. Hakuna toleo la 1957 lililosahihishwa, zote ziko hivyo, kwa hiyo anayekuuzia "yenye kosa" kwa bei ya ziada anakuuzia kawaida. Inashangaza kwamba makosa haya yalipita, maana 1957 ndio mwaka wake: wastani wa .322, homurani 44, mikimbio 132 aliyoiingiza (yake na ya wenzake waliofika nyumbani kwa mapigo yake), na tarehe 23 Septemba, katika awamu ya 11, homurani iliyowapa Braves ubingwa wa ligi yao. Kisha wakawafunga New York Yankees fainali kwa michezo 4 kwa 3, yeye akipiga .393. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Ilikuwa mara pekee katika maisha yake ya uchezaji.

Hapo ndipo penye siri ya Aaron, na ya kadi yake. Hakuwahi kupiga homurani 50 katika msimu mmoja. Nyingi kabisa zilikuwa 47, mwaka 1971, akiwa na miaka 37. Lakini kuanzia 1955 hadi 1974, misimu 20 mfululizo, hakushuka chini ya 20. Alicheza Milwaukee, kisha Atlanta timu ilipohamia huko mwaka 1966, mbali na magazeti makubwa ya New York. Mickey Mantle wa Yankees alikuwa na jiji lote nyuma yake, na kadi yake ya Topps ya 1952 iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Ukipima kwa yaliyofanyika uwanjani, Aaron bado anauzwa kwa bei nafuu, na silioni soko likirekebisha hilo upesi, kwa sababu wanunuzi hulipia utoto wao na utoto wa wengi ulikuwa New York.

Kufikia mwisho wa 1973 alikuwa na homurani 713, moja pungufu ya rekodi ya Babe Ruth, gwiji mweupe wa Yankees wa zamani. Majira yale ya baridi alipokea barua kwa magunia, jumla ya mwaka ikipita laki tisa. Nyingi za heri, nyingine za matusi ya rangi na vitisho vya kumuua, kisa Mweusi anamkaribia Ruth. Alilindwa na polisi. Tarehe 4 Aprili 1974 akasawazisha huko Cincinnati. Tarehe 8 Aprili, Atlanta, saa 3:07 usiku, mbele ya watu 53,775, Al Downing, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, akarusha na Aaron akaupeleka mpira nje ya uzio wa kushoto, alipoudaka Tom House, mrushaji wa Braves mwenyewe. Ya 715. Alimalizia akiwa na Milwaukee Brewers. Ya mwisho, ya 755, ilikuwa tarehe 20 Julai 1976. Rekodi ilisimama mpaka Barry Bonds alipoipita tarehe 7 Agosti 2007.

Mashabiki wanaitaja 755, lakini mimi hutazama namba nyingine. Mapigo salama 3,771: ukiziondoa homurani zote bado yanabaki 3,016, na 3,000 ni kizingiti ambacho wachezaji wachache sana wamekivuka. Mikimbio 2,297 aliyoiingiza haijafikiwa na yeyote. Vituo alivyojipatia kwa mapigo yake ni 6,856, akimzidi Stan Musial kwa 722. Mara futi 90 kila kimoja, hiyo ni karibu kilomita 20 za kukimbia mbele ya mtu aliyemfuata wakati anastaafu. Mwaka 1982 aliingia kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli kwa kura 406 kati ya 415.

Alifariki Atlanta tarehe 22 Januari 2021, akiwa na miaka 86. Msiba ulikuja katikati ya kichaa cha kadi cha wakati wa korona, na mwezi Machi mwaka huo PSA ililazimika kusimamisha huduma zake nyingi kwa kuelemewa na maombi. Walionunua namba 128 miezi ile walilipa bei ya majonzi na ya kichaa kwa pamoja. Habari ikiwa kwenye kila skrini, funga pochi. Kadi zipo nyingi, zitakuja tena.

Ukishaipata, tatizo la kwanza ni mfuko. Mifuko na vibao vya plastiki vya kawaida vimetengenezwa kwa kadi za inchi 2½ kwa 3½, saizi ambayo Topps iliianza 1957. Ya 1954 haiingii, na anayeisukuma ndani huvunja kona mbili kwa sekunde moja. Agiza mifuko ya saizi ya kadi za zamani, ya polipropilini au polyesta. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafu, hutoa mafuta yanayong'ang'ania uso wa kadi. Ingiza kwa upande mrefu ukiupanua mdomo wa mfuko kwa vidole, kadi iteleze yenyewe.

Unyevu wa hewa ukae karibu asilimia 45 hadi 50, na kadi iwe mbali na dirisha, maana jua hufifisha rangi. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, hili ndilo gumu kuliko yote. Kadi iliyokaa kwenye hewa ya pwani hujikunja kama mkeka, na kuihamisha kila siku kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda sebuleni ni kubaya kuliko kuiacha mahali pamoja. Chombo cha plastiki chenye mpira wa kuziba mfuniko, vifuko vya silika, na kipima unyevu kidogo ndani yake vinatosha. Vifuko ukivibadilisha kila kipimo kinapopanda hutahitaji kabati la gharama. Usivijaze kupita kiasi: hewa kavu mno hufanya karatasi ikauke na kupasuka kwenye mikunjo ya zamani.

Siku ya kuituma kwa posta, iweke kwenye mfuko, kisha ndani ya kibao chepesi, kisha katikati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyozidi kadi kwa sentimita mbili kila upande. Funga kadibodi kwa mkanda wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, si selotepu, na mkanda usiguse mfuko. Ncha ya mkanda ikunje kidogo ndani ili mpokeaji apate pa kushika bila kuhitaji kisu. Zipo kadi zilizonusurika miaka 70 zikaja kukatwa na wembe wa aliyekuwa anafungua bahasha.